Uliza Fundi: Mota na Betri za Magari ya Rimoti

Barua za toleo hili zimetoka Kigoma na Tabora, na nyingi zinalia kilio kimoja: gari la rimoti linachemka, linaishiwa nguvu au linazima katikati ya mchezo, sasa ninunue mota gani na betri gani? Tumechagua zile zinazogusa wengi. Hesabu tumeziandika wazi ili uweke namba za gari lako mwenyewe.

Mota haishikiki kwa moto

*Shikamooni mafundi. Nina gari la rimoti la kipimo cha 1/10 (moja ya kumi ya gari la kweli), nimelinunua mtumba. Lina mota ya brashi ya rangi ya fedha na betri ya volti 7.2, mAh 1800. Kwenye lami linakwenda vizuri. Nikilipeleka ufukweni Kibirizi, dakika tano tu mota haishikiki na gari linaanza kuvuta miguu. Muuzaji wa vipuri ananiambia niweke mota isiyo na brashi ya 4370KV kwa sababu ndiyo yenye kasi. Nimsikilize? – Msomaji, Ujiji*

Marahaba, ndugu. Pesa yako ibaki mfukoni kwanza. Mota hiyo ya brashi (vipande vya kaboni vinavyopeleka umeme ndani), ya bodi ya 540, saizi ya kawaida ya magari ya 1/10, si mbovu. Imefungiwa gia za lami halafu inatumwa mchangani.

Mota haichukui ampia kwa kupenda, inachukua kadiri inavyobanwa. Kwenye lami huzunguka karibu na kasi yake ya mwisho, na ampia zinakuwa chache. Kwenye mchanga mkavu tairi zinazama, mota inashindwa kufikia kasi yake, na ampia zinapanda mara mbili au zaidi. Joto la waya wa ndani nalo halipandi sawasawa na ampia, linapanda kwa kipeo cha pili: ampia mara mbili, joto mara nne. Vanishi ya waya inaanza kuungua na sumaku zinapoteza nguvu. Ukishasikia harufu ya kuungua, mota hiyo hata ikipoa haitakuwa ile ya zamani.

Halafu hiyo dakika ya tano isikupoteze. Betri ya mAh 1800 ina uwezo wa kutoa ampia 1.8 kwa saa nzima. Gari la 1/10 likila wastani wa ampia 18 mchangani, hesabu ni 1.8 ÷ 18 × 60, yaani dakika 6. Gari linavuta miguu kwa sababu betri inakaribia kwisha. Kwa hiyo una matatizo mawili yaliyogongana saa moja, na mota mpya haitibu hata moja.

Anza na pinioni, ile gia ndogo iliyo kwenye shafti ya mota. Hesabu meno yake, kisha ya gia kubwa inayosukumwa nayo. Tuseme kubwa ina meno 87, pinioni 23, na ndani ya gia-boksi kuna uwiano mwingine wa 2.6. Fanya 87 ÷ 23 × 2.6, unapata 9.8: mota inazunguka mara 9.8 ili tairi lizunguke mara moja. Kama huna kitabu cha gari kinachotaja uwiano wa ndani, inua gari, zungusha magurudumu yote mawili ya nyuma kwa pamoja mzunguko mmoja kamili, na uhesabu gia kubwa imezunguka mara ngapi. Weka alama ya kalamu kwenye tairi na kwenye gia usije ukabahatisha.

Sasa badilisha pinioni, weka ya meno 19. Uwiano unakuwa 11.9. Unapoteza kama asilimia 17 ya kasi ya mwisho, ambayo mchangani hukuwa unaifikia hata hivyo, na mota inapata nafuu kubwa. Pinioni ndiyo kipuri cha bei ndogo kuliko vyote vinavyotajwa kwenye kurasa hizi, lakini ndicho ambacho watu hukinunua mwisho, baada ya kuunguza mota mbili.

Unapoinunua angalia saizi ya meno, si idadi peke yake. Pinioni ya moduli 0.6 na ile ya pichi 48 zinafanana kwa macho, ila zikichanganywa zinatafunana na gia kubwa ya plastiki haimalizi wiki. Nenda na gia kubwa dukani, uzikutanishe. Wakati wa kufunga, kata utepe wa karatasi ya daftari, uweke kati ya gia mbili, sukuma mota mpaka meno yabane karatasi, kaza skrubu, kisha zungusha gia utoe karatasi. Karatasi ikitoka imekunjamana kama feni lakini haijatoboka, nafasi ni sahihi. Meno yakibanana sana, mota inachemka hata kwenye sakafu ya sebule; yakiachana sana, yanaruka na kunyolewa.

Kabla ya kurudi Kibirizi toa mota, zungusha gari kwa mkono. Magurudumu yazunguke laini. Ukisikia kukwaruza, mchanga umeingia kwenye beringi au bushi, na hapo hata mota ya bei mbaya itachemka. Ukiwa mchangani simama kila baada ya dakika tatu upime. Kipimajoto cha kuelekeza kinafaa; mota ya brashi isizidi nyuzi 80. Kama huna, gusa bodi ya mota: ukiweza kuacha kidole sekunde tano bila kukitoa, uko salama. Ukishindwa hata sekunde moja, punguza pinioni meno mawili mengine.

Tuje kwenye hiyo 4370KV. KV ni idadi ya mizunguko kwa dakika kwa kila volti moja mota isipokuwa na mzigo. Kwa betri ya lipo (lithiamu-polima) ya seli mbili, volti 7.4, mota ya 4370KV inazunguka 32,338 kwa dakika. Ya 3300KV inazunguka 24,420. Mota yako ya fedha iko kwenye 15,000 hadi 16,000. Tukichukua uwiano wa gia wa 10 na tairi la kipenyo cha milimita 85, ambalo mzunguko wake ni mita 0.267, hesabu ya ile ya 3300KV ni hii: 24,420 ÷ 10 × 0.267 × 60 ÷ 1,000, sawa na kilomita 39 kwa saa. Ya 4370KV inakupa karibu 52. Mota ya fedha ni kama 24. Hizo ni kasi za kwenye karatasi. Barabarani toa asilimia 15 hadi 20.

Ila kasi hiyo inalipiwa. Kwa nguvu ileile ya kuvuta, 4370KV inadai ampia nyingi kuliko 3300KV kwa karibu theluthi moja. Mota yenyewe huenda ikavumilia, maana waya wake wa ndani ni mnene zaidi. Wanaoumia ni jirani zake: betri, plagi, na kidhibiti mwendo, kile kinachoandikwa ESC kwenye boksi. Kwa gari zito la kilo moja na nusu hadi mbili, kwenye mchanga, sisi tungechukua mota ya bodi ya 3650, yaani kipenyo cha milimita 36 na urefu wa 50, yenye 3000 hadi 3300KV, na kidhibiti cha ampia 60 chenye feni. Hiyo 4370KV mwachie mwenye gari jepesi la lami.

Ukifika huko, kumbuka mambo matatu. Kidhibiti chako cha sasa kina waya mbili za kwenda kwenye mota na hakiwezi kuendesha mota ya waya tatu, kwa hiyo vinabadilishwa vyote viwili. Mota ya 3650 ina shafti ya milimita 3.17 na matundu ya skrubu yaliyoachana milimita 25 kama ya 540, hivyo inaingia palepale bila kutoboa kitu. Na skrubu za M3 zisizame ndani ya mota zaidi ya milimita 3 au 4: ndefu ikigusa waya wa ndani umeua mota kabla haijaona mchanga.

Betri ya seli za laptopu

*Habari zenu mafundi. Kwa kuwa betri za lipo hapa Tabora hazipatikani kirahisi, nimeungiwa betri ya seli sita za laptopu, mbili mbili kwa mfululizo, safu tatu sambamba. Mita inasoma volti 8.3. Nikikanyaga mafuta gari linaruka kidogo halafu linazima, nikiachia linawaka tena. Mota ni ya 3300KV. Tatizo ni kidhibiti? – Kijana wa Isevya*

Kidhibiti kinafanya kazi yake vizuri kabisa. Kinaona volti zimeanguka, kinaamini betri imekwisha, kinakata.

Mita inasoma 8.3 kwa sababu haivuti kitu. Seli ya laptopu iliyokwisha kutumika ina ukinzani wa ndani, tuseme miliomu 80. Tatu sambamba zinakuwa 27, vikundi viwili vya namna hiyo kwa mfululizo vinafika kama 53, yaani omu 0.053. Gari likidai ampia 40 wakati wa kuondoka, volti zinazopotelea ndani ya betri ni 40 × 0.053, sawa na 2.1. Hata betri ikiwa imejaa, unabaki na 6.2, na vidhibiti vingi hukata kati ya volti 6.0 na 6.8 kwa seli mbili. Ukigawa hizo ampia 40 kwa safu tatu, kila seli inatoa zaidi ya 13, wakati seli za namna hiyo zimetengenezwa kutoa ampia chache tu kwa utulivu. Ukilazimisha, zinachemka, na seli ya lithiamu iliyochemka kupita kiasi inatoa moshi na moto.

Kama ni lazima utumie seli za mviringo za 18650, tafuta za mashine za kutobolea zinazochajiwa, zenye uwezo wa kutoa ampia 20 au zaidi kila moja. Nne za mAh 2500, mbili kwa mfululizo na safu mbili, zinakupa mAh 5000 na ampia 40. Hiyo inatosha gari la brashi, na kwa 3300KV inatosha kwa shida. Seli ziunganishwe kwa utepe wa nikeli wa mashine ya kuchomea nukta. Kulehemu moja kwa moja kwenye seli kunaipika upande wa chanya, palipo na mpira wa kuzuia mvuke.

Na ukiona seli imeandikwa mAh 9900, irudishe mezani. Seli nzuri za saizi hiyo ziko kati ya 2500 na 3600. Ipime kwenye mizani: ya kweli ina gramu 45 hadi 50. Za uongo mara nyingi ni nyepesi waziwazi, ukiichukua mkononi unajua.

Hizo sita ulizonazo usizitupe. Zinafaa kwa taa, redio, au benki ya kuchajia simu, maadamu kuna saketi ya ulinzi.

30C, 50C, 100C

*Betri mbili za 2S (seli mbili kwa mfululizo) mAh 5000, moja imeandikwa 50C, nyingine 100C, na bei haziachani sana. Nichukue ipi? – Mwanafunzi wa ufundi umeme, Kigoma mjini*

C ni kipimo cha uwezo wa betri kutoa ampia, na inazidishwa na ukubwa wa betri kwa ampia-saa. 5 × 50 ni ampia 250. 5 × 100 ni ampia 500. Sasa tazama waya zinazotoka kwenye hiyo ya 100C. Waya hizo haziwezi kubeba ampia 500 mfululizo, wala plagi yake haiwezi. Plagi ya XT60 imetengenezwa kwa ampia 60. Lebo za C zimekuwa matangazo, zipunguze hadi nusu au theluthi kabla ya kupiga hesabu yoyote.

Kinachoaminika ni uzito na ukinzani wa ndani. 2S ya mAh 5000 yenye kasha gumu, urefu wa milimita 138 hivi, huwa na gramu 250 hadi 300. Ikiwa na 180, hizo mAh 5000 hazimo. Chaja nyingi za kisasa zinasoma ukinzani: seli mpya nzuri za ukubwa huo husoma miliomu chache tu, chini ya 5, na seli mbili za pakiti moja zisiachane sana. Muuzaji akikataa upime, nenda kwa mwingine. Na pima kitako cha betri kwenye gari kabla ya kwenda dukani; kasha gumu halikunjiki.

Plagi zinafanana, je nichomeke 3S?

*Kaka, gari langu lina 3300KV na natumia 2S. Rafiki yangu ana 3S na plagi zinaingiliana. Nikichomeka itakuwaje? – Mwanga, Kigoma*

Soma kwanza kibandiko cha kidhibiti, mdogo wetu. Kikiandikwa 2-3S unaweza. Kikiandikwa 2S tu, usijaribu hata sekunde moja: 2S iliyojaa ni volti 8.4, 3S iliyojaa ni 12.6, na vipande vya ndani vinaweza kupasuka papo hapo.

Kikiruhusu, piga hesabu ya mizunguko. 3300 × 12.6 ni 41,580, ipo sawa, kwa kuwa mota nyingi za saizi hiyo mwisho wake ni 50,000. Mwenye 4370KV angefika 55,062, na sumaku ya ndani inaweza kupasuka. Kisha kasi inapanda kwa nusu nzima: lile gari la kilomita 39 linakuwa la 59. Ukiacha pinioni ileile mota na kidhibiti vitachemka kabla hujamaliza mzunguko wa pili wa uwanja. Punguza pinioni kwa theluthi, kama ilikuwa 21 weka 14. Watu husema sasa faida iko wapi? Faida ni kwamba kwa nguvu ileile ampia zinakuwa chache, plagi na waya zinabaki baridi, na gari linaondoka kwa nguvu zaidi mchangani. Sisi tunaipenda 3S yenye pinioni ndogo kuliko 2S yenye pinioni kubwa, lakini gia za difu za plastiki hazitakushukuru. Weka za chuma kwanza.

Anza na betri iliyojaa kila mara. Vidhibiti vingi huhesabu seli kwa kupima volti wakati wa kuwasha, na 3S iliyokwisha inaweza kudhaniwa ni 2S, halafu ikakamuliwa mpaka ife.

Kuchaji kwa sola

*Hapa kijijini wilaya ya Uvinza hatuna umeme wa gridi. Nina paneli ya wati 100 na betri ya gari. Naweza kuchaji lipo moja kwa moja kutoka kwenye paneli? – Mwalimu*

Mwalimu, kutoka kwenye paneli moja kwa moja hapana. Paneli ya "volti 12" bila mzigo hutoa volti 18 hadi 22, na wingu likipita zinaanguka. Chaja za lipo nyingi hukubali volti 11 hadi 18. Zikizidi inaungua, zikiyumba inakata katikati na kuanza upya.

Njia ni hii: paneli iingie kwenye kidhibiti cha sola, kidhibiti kijaze betri ya gari, chaja ya lipo ichukue kwenye betri. Huhitaji inveta; kubadilisha kwenda volti 230 kisha kurudi ni kupoteza umeme bure. Nunua chaja yenye vibanio viwili vya kushika betri na sehemu ya kusawazisha seli, kile kiplagi cheupe kidogo. Bila kusawazisha, seli moja inajaa kupita kiasi huku mwenzake akibaki nyuma, na hiyo iliyopita volti 4.2 ndiyo inayowaka.

Weka kwenye hali ya LiPo, seli 2, ampia 5 kwa betri ya mAh 5000. Hiyo ni 1C, saa moja na ushei. Chaja itavuta kama wati 49 mwishoni, yaani ampia 4 kutoka kwenye betri ya gari. Kuijaza kabisa kunakula karibu ampia-saa 4. Betri ya gari ya ampia-saa 50 haitasikia, lakini ya bodaboda yenye ampia-saa 7 utakuwa umeimaliza zaidi ya nusu, na ukirudia hivyo kila siku haidumu. Ukiona betri kubwa imeshuka chini ya volti 12.2, acha, subiri jua.

Chajia juu ya sakafu ya saruji au ndani ya chungu cha udongo, mbali na mkeka, godoro na majani ya paa. Betri itolewe kwenye gari. Mtu mzima awepo. Ikitoka moto sana kwenye mchezo, iache ipoe kwanza mpaka ifanane na hewa ya nje.

Inarudi nyuma

*Nimefunga mota isiyo na brashi, nikisukuma mbele inarudi nyuma. – Cheyo, Tabora*

Kama mota haina waya mwembamba wa sensa (kinachokiambia kidhibiti sumaku imesimama wapi), badilishana waya zozote mbili kati ya tatu. Kama ina sensa usiziguse: A iende A, B iende B, C iende C, na mwelekeo ubadilishe kwenye mpangilio wa kidhibiti. Ukibadilisha waya za mota ya sensa itatetemeka, itavuta ampia za ajabu na kuungua.

Zawadi ya mtoto

*Mwanangu ana miaka tisa, anataka gari la rimoti "la kweli", si la kuchezea. Nimetishwa na habari za betri kuwaka moto. Nifanyeje? – Mama wa Urambo*

Mama, hofu yako ni ya haki, na jibu lake lipo: chukua gari la 1/16 au 1/18 lenye mota ya brashi ya saizi 380, na betri ya NiMH (ya nikeli, si ya lithiamu). Kila seli ya NiMH ni volti 1.2, kwa hiyo ya seli sita ni 7.2. Ni nzito kidogo na inachoka taratibu, lakini inavumilia mtoto kuisahau imeisha, jambo ambalo betri ya lipo haivumilii hata mara moja.

Ziwe betri mbili. Chaja ndogo inayokuja na gari hutoa kama miliampia 250 au 500 na haijui kukata yenyewe. Betri ya mAh 1500 kwa chaja ya 500 inahitaji saa nne hivi. Iangalie saa, uchomoe. Ikiwa ya moto mkononi imeshajaa kitambo. Asiiache ndani ya gari juani, jua la mchana la huko unalijua. Na chaja hiyo isiguswe kamwe na betri ya lipo ya kaka zake: haijui kusimama kwenye volti 4.2 kwa kila seli, na hapo ndipo zile habari za moto zinapoanzia.

Mota ya brashi itataka usafi. Vumbi laini la kiangazi linaingia kwenye matundu ya bodi na kula brashi za kaboni. Kila baada ya siku kadhaa za mchezo apulizie hewa kwa pampu ya baiskeli, atie tone moja la mafuta ya cherehani kila mwisho wa shafti. Tone moja tu. Mafuta yakifika kwenye kaboni yanatengeneza tope jeusi linalochoma.

Kupanda mawe

*Nataka gari la kupanda mawe polepole kwenye milima ya huku Kasulu. Mota isiyo na brashi niliyoweka inatetemeka na kusita kila ninapoanza kwenda. – Kasulu*

Hiyo haina sensa, na kidhibiti hakijui sumaku imesimama wapi mpaka izunguke kidogo. Kwa mwendo wa jongoo rudi kwenye brashi: bodi ya 540 yenye mizunguko 35 hadi 55 ya waya, ile inayoandikwa 35T au 55T. Kadiri T inavyopanda ndivyo inavyokuwa ya polepole na yenye kuvuta. 35T na 3S, au 55T na 3S kwa mawe makali. Mvua ikinyesha haidhuriki haraka, ila ikaushe. Sensa ni nzuri zaidi lakini bei yake haina sababu kwa kazi hii.

Betri imefura

*Nilijaza lipo zangu mbili, nikaenda shule, nimerudi likizo baada ya miezi mitatu moja imefura kama mto. Nyingine iko sawa. Naweza kuitoboa gesi itoke? – Tabora Mjini*

Usitoboe. Hewa na unyevu vikikutana na kilichomo, inawaka mikononi.

Lipo haihifadhiwi ikiwa imejaa wala ikiwa tupu. Kwa zaidi ya siku mbili tatu iwe volti 3.8 kwa kila seli, yaani 7.6 kwa 2S. Chaja nyingi zina hali ya kuhifadhi inayofanya hivyo yenyewe. Kama yako haina, tumia balbu ya indiketa ya gari ya volti 12 wati 21: iunganishe na betri, inakula kama ampia 1.4, na 2S ya mAh 5000 iliyojaa itashuka hadi 7.6 ndani ya saa moja na nusu au mbili. Kaa nayo na mita, pima kila robo saa. Ukiisahau ikashuka chini ya volti 3 kwa seli, umeiua kwa njia nyingine. Hifadhi pasipo na joto. Juu ya kabati chini ya bati ndipo mahali pabaya kuliko pote nyumbani.

Iliyofura usiichaji tena hata ikisoma volti nzuri. Itoe nje, iweke ndani ya ndoo ya chuma yenye mchanga, iunganishe na balbu hiyohiyo, uiache mpaka izime kabisa, kisha uendelee kuiacha siku nzima. Maji ya chumvi yanayopendekezwa na wengi hula vishikizo vya waya kabla betri haijaisha, ukabaki na betri yenye umeme usioweza kuutoa. Ikishafika sifuri, funga ncha kila moja peke yake kwa selotepu ya umeme na uipeleke kwa wanaokusanya betri chakavu, ukiwaambia kwamba ni ya lithiamu ili wasiichanganye na za asidi.

Ile nyingine ipime seli kwa seli kwenye kiplagi cheupe. Zikiachana kwa zaidi ya volti 0.05, ichaji kwa ampia 1 kwenye hali ya kusawazisha, ikijaa ichomoe kwenye chaja, iache usiku bila kuitumia, upime tena asubuhi. Seli iliyoshuka peke yake ndiyo itakayofura likizo ijayo.